Mitishamba ya Kisukari: Sifa Hazitoshi, Ipimwe

Miongoni mwa maradhi ambayo kwa muda mrefu yalidhaniwa nchini kuwa ni ya watu wachache wenye nafasi, kisukari kimekwisha jidhihirisha kuwa ni adui wa umma mzima. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 1989, uliwapima watu zaidi ya 6,000 wa umri wa miaka 15 na kuendelea, na kukuta kwamba wenye ugonjwa huo hawakufika hata mmoja katika kila watu mia moja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowahusu watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta watu tisa katika kila mia. Ni kweli kwamba umri wa waliopimwa haukuwa sawa, na kwamba uchunguzi wa pili ulihusisha pia wakazi wa mijini. Hata hivyo, mwenye kushuku takwimu hizo hawezi kukana ukweli ulio mbele ya macho yake, kwamba leo ni nadra kuikuta ofisi au shule isiyokuwa na mtumishi aliyekatazwa sukari na daktari.

Penye ugonjwa wa kudumu hapakosi mwuza dawa. Masokoni, katika vituo vya mabasi, na siku hizi katika redio na simu za mkononi, mgonjwa wa kisukari hutangaziwa unga wa mlonge, mbegu za zambarau, maji ya karela, uwatu, mdalasini, majani ya mwarobaini na chupa nyingine nyingi ambazo hata jina la mti uliomo halikuandikwa. Mbele ya biashara hiyo wananchi wamegawanyika makundi mawili. Lipo kundi linalodharau kila kitokacho porini na kukiita ushirikina. Lipo pia kundi linaloamini kwamba dawa ya mababu haina haja ya kuulizwa maswali. Makundi hayo yanabishana kila siku, na kumbe kosa lao ni moja: yote mawili yanatoa hukumu kabla ya kupima.

NASABA YA KIDONGE

Wenye kudharau wanapaswa kukumbushwa historia ya kidonge wanachokiamini. Metformini, ambayo ndiyo dawa ya kwanza wanayopewa wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili, ina nasaba na mtishamba. Huko Ulaya kuna mmea wa jamii ya kunde uitwao Galega officinalis, ambao ulitumiwa na waganga wa kienyeji kwa karne nyingi. Wataalamu walipouchunguza walikuta ndani yake galegini, kemikali ya kundi la guanidini yenye uwezo wa kushusha sukari katika damu. Katika miaka ya 1920 galegini ilijaribiwa kwa wagonjwa, lakini ikaonekana kuwa na sumu mno, jambo ambalo wafugaji walilijua zamani kwa vile kondoo hufa kwa kula mmea huo.

Uangalifu ukaelekezwa kwa ndugu wa kemikali hiyo. Mmojawapo, metformini, alikuwa amekwisha tengenezwa mjini Dublin mwaka 1922 na wakemia Emil Werner na James Bell. Ikakaa kwa muda mrefu bila ya kutumika hospitalini, hadi mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Paris alipotangaza matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa. Marekani haikuiruhusu mpaka mwaka 1994. Ndugu mwingine wa ukoo huo huo, fenformini, alikwisha kubalika na kuuzwa katika nchi nyingi, kisha akaondolewa katika nchi nyingi kuanzia miaka ya 1970 kwa sababu alisababisha asidi ya hatari kujaa katika damu ya wagonjwa. Haya yote ni ya ukoo mmoja: mmoja ana sumu, wa pili ana hila, wa tatu anaokoa maisha. Kilichowatenganisha si sifa bali ni kipimo.

Mfano wa pili unatoka katika mtufaha. Mwaka 1835 wakemia walitoa katika magome ya mti huo kitu kinachoitwa florizini. Baadaye, katika mwaka 1886, ilionekana kwamba florizini huufanya mwili kutoa sukari kwa njia ya mkojo. Yenyewe haikufaa kuwa dawa, lakini ilifungua njia ya kutengenezwa kwa vidonge vya kundi la gliflozini, ambavyo vilianza kuruhusiwa Ulaya mwaka 2012. Tangu gome hadi kidonge ilipita miaka 177.

Basi, anayeudharau mti kwa sababu ni mti haijui asili ya dawa iliyo mfukoni mwake. Lakini historia hiyo hiyo inamsuta pia mwuza chupa, kwa kuwa inaonyesha umbali uliopo kati ya mmea unaosifiwa na dawa inayoaminika.

USHUHUDA NA UDANGANYIFU WAKE

Wenye kuamini hutoa hoja moja kubwa, nayo ni ushuhuda: fulani alikunywa akapona. Haifai kuwaita watu hao waongo. Wengi wao husema walichokiona. Ila kisukari ni ugonjwa ambao humdanganya hata shahidi mwaminifu, na sababu zake zinafaa kuelezwa wazi.

Kwanza, sukari ya damu si kitu kilichotulia. Hupanda baada ya mlo, hushuka baada ya kazi au matembezi, na hubadilika kwa homa na kwa wasiwasi. Mtu akijipima baada ya chakula cha mchana, akanywa dawa ya mizizi, kisha akajipima tena alfajiri kabla ya kula chochote, huenda akakuta namba imeshuka hata kama alichokunywa ni maji matupu.

Pili, anayeanza dawa ya miti mara nyingi huanza mambo mengine pamoja nayo. Mganga humkataza soda, humpunguzia ugali na wali, na kumwamuru atembee kila asubuhi. Masharti hayo peke yake yanaweza kushusha sukari, lakini sifa yote huenda kwa mzizi.

Tatu, wako wasioacha vidonge vya hospitali hata kidogo. Humeza vyote viwili, kisha husimulia kimoja.

Nne, na hili ndilo baya kuliko yote, kisukari kwa muda mrefu hakiumi. Mwenye sukari ya juu anaweza kwenda shamba, kufundisha darasani na kuhudhuria vikao, huku macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu yake ikiharibika kimya kimya. Kwa hiyo kujisikia vizuri si ushahidi. Na waliokwisha kukatwa mguu au kupoteza macho hawaitwi kutoa ushuhuda katika matangazo ya biashara.

Taifa hili lilikwisha ona nguvu ya ushuhuda mwaka 2011, wakati maelfu kwa maelfu ya watu kutoka kila pembe ya nchi na kutoka nchi jirani walipomiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kilichotolewa na mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kisukari kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyotajwa kuwa yanaponywa na kikombe hicho. Mchungaji huyo alifariki mwaka 2021. Somo la Loliondo si kuwacheka waliokwenda, kwani mgonjwa aliyekata tamaa hana kosa kutafuta msaada. Somo ni kwamba kila mgonjwa wa kisukari aliyepanda gari kwenda Samunge alistahili kuondoka na namba yake ya sukari mkononi, kurudi na namba nyingine, na kupimwa tena baada ya miezi mitatu. Hapo ubishi wote ungekwisha bila ya matusi wala dhihaka.

KIPIMO CHA HAKI

Kupima dawa ya kisukari si jambo la siri. Sukari ya mtu aliyekaa na njaa usiku kucha ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kipimo kikarudiwa na kuthibitika, mtu huyo ana kisukari. Kipo tena kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ambacho hakidanganyiki kwa mlo wa siku moja. Kinachotakiwa ni kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wapewe dawa inayochunguzwa na wengine wapewe kinywaji kinachofanana nayo kisichokuwa na kitu, bila ya mgonjwa wala daktari kujua nani kapewa nini, kisha namba zilinganishwe.

Zambarau imewahi kupita katika mtihani huo. Nchini Brazil, ambako majani yake hunywewa sana kama chai ya kisukari, watafiti walitoa matokeo yao mwaka 2004. Wagonjwa waliopewa kidonge cha glibenklamaidi walishuka sukari. Waliopewa chai ya majani ya zambarau hawakushuka. Mdalasini na karela navyo vimejaribiwa katika nchi mbalimbali, na mapitio ya kina ya majaribio hayo yaliyotolewa mwaka 2012 yalihitimisha kwamba ushahidi uliokuwapo haukutosha kuvipendekeza kuwa dawa ya kisukari. Hii haina maana kwamba karela ni chakula kibaya. Maana yake ni kwamba asiyeweza kuonyesha namba hana haki ya kuahidi tiba.

Tanzania haikukaa nyuma katika jambo hili. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na baadaye, mwaka 1991, kikawa Taasisi kamili. Watafiti wa Muhimbili walitangaza mwaka 2001 matokeo ya kuwapa wagonjwa 21 wa kisukari cha aina ya pili maji ya mmea mdogo uitwao Phyllanthus amarus, ambao hutumiwa na waganga wa jadi. Wagonjwa walisimamishiwa vidonge kwa wiki moja, kisha wakanywa dawa hiyo kwa wiki moja chini ya utafiti. Sukari yao haikushuka. Matokeo ya namna hii hayaleti shangwe wala hayapigiwi ngoma, lakini ni heshima kubwa kwa tiba ya asili kuliko matangazo elfu moja ya redio. Waliuchukua mmea kwa uzito, wakauuliza swali la haki, na wakalitangaza jibu lilivyokuwa.

Upungufu uliopo ni kwamba uchunguzi mwingi wa mitishamba ya kisukari duniani huishia kwa panya na sungura. Panya hupewa sumu ya kuharibu kongosho lake, kisha hupewa maji ya majani, na sukari yake ikishuka makala huandikwa. Lakini mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili si panya aliyetiwa sumu. Mara nyingi kongosho lake bado linatoa insulini, isipokuwa mwili unaikaidi. Kutoka kwa panya hadi kwa binadamu pana mto mpana, na daraja lake ni fedha, muda na uvumilivu.

HATARI ZISIZOTANGAZWA

Wako wanaosema kwamba dawa ya miti, hata isipofaa, haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Kauli hiyo ni ya hatari. Huko Jamaica, tunda la aki likiliwa kabla ya kuiva huleta kutapika, degedege na hata kifo. Wanasayansi wa kisiwani humo waligundua katika miaka ya 1950 kwamba tunda hilo bichi lina sumu iitwayo hipoglisini, na kazi mojawapo ya sumu hiyo ni kushusha sukari ya damu kupita kiasi. Kwa maneno mengine, si kila kinachoshusha sukari kinatibu, kingine kinaua.

Hatari ya pili ni ulaghai. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mwuza dawa akisifiwa huweza kutia kibaya kuliko maji. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2008, watu 150 wasiokuwa na kisukari walipelekwa katika hospitali za Singapore wakiwa wameishiwa sukari mwilini. Wanne walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba dawa za kuongeza nguvu za kiume na dawa ya mitishamba, zilizouzwa kwa njia ya magendo, zilikuwa zimechanganywa na glibenklamaidi, yaani kidonge kile kile cha hospitali, kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo unga wa mizizi unaposhusha sukari kwa kasi ya ajabu, jambo la kwanza la kufanya ni kuupeleka kwa Mkemia, si kuushangilia.

Hatari ya tatu ni ya kipimo cha dozi. Kidonge cha miligramu 500 kinatakiwa kuwa na miligramu 500, kikinunuliwa Mtwara au Bukoba. Kikombe cha mizizi hubadilika kwa udongo, kwa majira, kwa sehemu ya mti iliyochimbwa na kwa mkono wa aliyechemsha. Anayekichanganya na vidonge bila ya kumweleza daktari anaweza kuzirai njiani kwa sukari kushuka, na hakuna atakayejua sababu.

Hatari ya nne ndiyo kubwa kuliko zote, nayo inawahusu watoto. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kongosho huacha kabisa au karibu kabisa kutoa insulini. Kabla ya Januari 1922, wakati kijana Leonard Thompson wa Toronto, mwenye umri wa miaka 14, alipokuwa mgonjwa wa kwanza kudungwa insulini, ugonjwa huo ulikuwa ni hukumu ya kifo. Hadi leo hakuna jani, gome wala mzizi uliothibitishwa kushika nafasi ya insulini. Mzazi anayeshawishiwa kuiacha sindano ya mwanawe ili ajaribu chupa ya mitishamba anaweza kumzika katika muda wa siku chache. Yeyote anayetoa ushauri huo, awe mganga, jirani au ndugu, anabeba dhamana ya roho ya mtoto.

WAJIBU

Sheria haikosekani. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002, na Baraza lililoundwa kwa sheria hiyo lipo. Kinachohitajika ni utekelezaji, na utekelezaji huo umo mikononi mwa watumishi wa umma.

Afisa anayetoa leseni ya biashara hana budi kumwuliza mwuza dawa ya kisukari cheti cha usajili na majibu ya maabara, kama anavyomwuliza mwenye mgahawa hali ya jiko lake. Neno "inaponya" lisiruhusiwe kubandikwa juu ya chupa ambayo haijapimwa. Mganga wa zahanati na muuguzi nao waache tabia ya kumkaripia mgonjwa anayekiri kwamba anatumia mitishamba, kwani anayekaripiwa leo atanyamaza kesho, na mficha maradhi kifo humwumbua. Aulizwe kwa upole jina la mti, sehemu iliyotumika na kiasi alichokunywa, na majibu yaandikwe katika kadi yake. Rekodi za namna hiyo kutoka wilaya zote zingekuwa hazina kwa watafiti.

Mganga wa jadi naye apewe heshima anayostahili kwa mkataba wa maandishi unaolinda maarifa yake. Wengi wao huficha miti yao kwa kuogopa kunyang'anywa, na hofu hiyo haikosi msingi. Mganga mwaminifu atapeleka mti wake ukapimwe pale atakapohakikishiwa kwamba faida, ikipatikana, haitaishia kwa wengine. Kwa upande wake anapaswa kutii sharti moja lisilo na mjadala: asimwachishe mgonjwa insulini wala vidonge.

Haitakuwa haki kuwahimiza wananchi waamini kipimo huku kipimo chenyewe hakipatikani. Wagonjwa wengi hukimbilia chupa ya sokoni kwa sababu zahanati iko mbali, vijiti vya kupimia sukari vimekwisha, au bei ya dawa imewashinda. Fedha za utafiti zinapotengwa, sehemu itengwe kwa ajili ya kuyafikisha majaribio hadi kwa binadamu, na bajeti za halmashauri zisivisahau vijiti hivyo.

Walimu wana nafasi yao ya pekee. Mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda kujisaidia kila mara, anayekunywa maji bila kukata kiu, anayekonda huku akila na kusinzia darasani, asihesabiwe kuwa mvivu. Apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Na katika somo la biolojia, wanafunzi wafundishwe si majina ya miti tu bali namna ya kuuliza: nani alipimwa, alilinganishwa na nani, kwa muda gani, na namba zilisemaje. Kijana aliyezoea maswali hayo hatauziwa maji machungu kwa bei ya dawa, wala hataitupa kwa dharau hazina iliyomo katika misitu ya nchi yake.

Inawezekana kabisa kwamba katika Usambara, Kagera au Ruvuma umo mti ambao siku moja utawafaa wagonjwa wa kisukari duniani kama ulivyowafaa ule mmea uliowaua kondoo wa Ulaya. Mti huo, kama upo, hautapatikana kwa matangazo. Utapatikana kwa mganga aliyekubali kuutoa, mtafiti aliyekubali kuupima, na mtumishi aliyekataa kuukubali au kuukana kabla ya majibu kutoka maabara. Mpaka siku hiyo ifike, mgonjwa ashike dawa yake ya hospitali, apunguze sukari na wanga, atembee, na ajue namba yake.